Ua Lisilotaka Udongo

Costancia ni jirani yangu hapa Magomeni, Kilosa, na kama unatafuta mtu mkimya asiye na makuu, usihangaike, umeshampata. Anauza dagaa na mkaa mbele ya nyumba yake, anaimba kwaya sauti ya pili, na akikasirika anafagia uwanja. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua. Labda ndiyo maana tumeelewana miaka yote hii, mimi Mwislamu wa hapahapa bondeni, yeye Mngoni ambaye babu yake alikuja kukata mkonge na hakurudi tena Songea. Nataka kueleza habari yake na lile ua jinsi ilivyokuwa, maana mjini wameigeuza kichekesho, na mimi vichekesho vyao vimenifika hapa kooni.

Mumewe, Mngoni mwenzake, aliitwa Ditram. Alikuwa kwenye genge la reli, wale wanaokaza mataruma na kuondoa miti inayolala njiani mvua ikipita. Mwaka mmoja upepo uliangusha tawi kubwa kwenye reli kuelekea Munisagara, na juu ya tawi palikuwa na kichaka cha mashina manene ya kijani iliyopauka, mfano wa miwa midogomidogo, yameng'ang'ania gome. Wenzake walitaka kukichoma pamoja na tawi. Ditram akakibandua kwa panga, akakifunga kwenye koti lake la mvua, akaja nacho nyumbani. Mwalimu mmoja alipita akasema ni okidi, ua la kuishi juu ya miti. Basi, tukalijua jina, kulilea hatukujua.

Costancia na Ditram hawakujaliwa mtoto. Walikwenda hospitali, walikunywa mizizi ya kila aina, walifunga na kuomba, ikawa basi. Sisemi kwamba ua lilikuwa mtoto wao, msininukuu vibaya. Ua ni ua. Lakini nyumba ya watu wawili inataka kitu cha kuamkia, na Ditram alikuwa hajanawa uso ameshatoka uani kuliangalia, na mkewe nyuma yake, wameshika kiuno wote wawili kama wakaguzi.

Mwanzoni walilikosea vibaya sana. Sisi watu wa bonde hili tunajua jambo moja kuhusu mimea: inataka udongo mweusi, samadi na maji. Wakalipanda kwenye debe la mafuta, wakalijaza udongo wa mtoni na mavi ya ng'ombe, wakalimwagilia kila jioni utadhani ni mchicha. Likaanza kunuka. Mashina yakalegea, ukiyabonyeza yanatoa maji. Yalipobaki machache Ditram alilitoa, akaliosha, akakaa nalo mapajani kwa muda mrefu. Ndipo alipoona kwamba mizizi yake mingine haishuki hata kidogo. Inapanda juu, imesimama myeupe na myembamba kama sindano, na katikati yake yamenasa majani makavu na takataka za mti.

"Hili halili chini," alimwambia mkewe. "Linakula kinachoanguka kutoka juu."

Akalifunga kwenye mkwaju wa uani kwa kamba ya katani, pale shina linapogawanyika, lipate jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana. Udongo, hata kijiko kimoja hakuweka. Alichagua katani kwa sababu haikati mizizi, na inaoza yenyewe taratibu wakati mizizi imeshashika gome. Machipukizi yakitoka na mvua zikianza, alilimwagia maji mengi, yapite yote yaende zake. Majani makavu yaliyoliangukia hakuyaondoa, maana hicho ndicho chakula chake. Kiangazi kikikolea aliliacha likae na kiu hata mimi nikalionea huruma, nikaenda na kata ya maji. Alinikemea! Alisema kiu ndiyo inayolitia maua, na ukiliendekeza litakupa majani matupu. Nilinuna wiki nzima. Lakini lilipokuja kuchanua, vikonyo virefu vyenye maua ya manjano yaliyopakwa madoa ya kahawia, waendesha pikipiki walikuwa wanasimama barabarani kulitazama, na mimi nikawa nawaambia ni la kwetu.

Likakua. Likafika ukubwa wa tenga la kuku. Kisha, Januari hii iliyopita, Ditram akaanguka bafuni, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda.

Hapa inabidi nieleze utani, kwa asiyejua. Wangoni na Wahehe ni watani tangu walipomaliza vita vyao. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa zote. Anamwigiza marehemu, anawatukana ndugu, anaingia hata kaburini akatae mtu kuzikwa mpaka apewe kitu. Hakasirikiwi, na msiba usio na mtani husemwa kuwa umepooza. Mtani wa Ditram alikuwa Bonifas, Mhehe aliyefanya naye kazi genge moja kabla hajahamia Kidodi kulima miwa. Walipendana wale wazee. Walitukanana kila walipokutana, na kila mmoja alikuwa akimtumia mwenzake salamu kwa kila gari.

Bonifas alikuja msibani akilia, nilimwona akishuka kwenye bodaboda macho yamevimba. Alipofika uwanjani akajifuta, akaanza kazi yake. Alivaa kofia ya Ditram, akatembea kwa kuvuta mguu kama yeye, akaweka sauti yake ileile ya puani, watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Halafu akapanda mkwaju na panga. Akalikata ua lote kutoka kwenye gome, akalibeba kichwani mpaka makaburini, na kaburi lilipokwisha kufukiwa akachimba katikati ya kifusi akalipanda, akalimwagia ndoo nzima ya maji.

"Mngoni huyu alilipenda ua kuliko mkewe!" alisema kwa sauti. "Basi aende nalo, asije akatusumbua kulifuata!"

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa jambo zuri, lililofanywa kwa mapenzi, na lilikuwa balaa. Costancia alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, kajifunika khanga. Nilimwona akiinua mkono, kama anataka kusema subirini, kisha mkono ukashuka.

Siku chache baada ya matanga nilimwambia maneno ambayo mtu yeyote angesema. Nilimwambia nenda kalitoe, ulirudishe mtini, kazi ya dakika chache. Akatikisa kichwa. Kwao, alichoweka mtani juu ya kaburi hukitoa mtani. Wifi yake Magreti, dada mkubwa wa Ditram, alikuwa ameshamwonya: ukikigusa wewe mjane, umemwambia marehemu kwamba utani wake umevunjika, na atalala kule bila rafiki.

"Basi nitalitoa mimi," nikasema. "Mimi si Mngoni wala Mhehe. Mimi hayanihusu."

"Nikutume ukaibe juu ya mume wangu, mama Yusrah?"

Nilikasirika, nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani. Alichukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Na kama vile udongo hautoshi, Magreti akaanza kwenda makaburini kila jioni na kidumu cha maji kulimwagilia. Akatia na samadi. Alikuwa anampenda kaka yake, na mwenye mapenzi namna hiyo humwambii kitu. Costancia alijaribu kumweleza kwamba lile ua linataka kukaa kavu, wifi akamtazama juu mpaka chini akamuuliza kama anaona uchungu hata wa maji. Costancia alirudi kwangu akaketi kwenye kibao cha jikoni. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia analia kwa sauti.

"Ndilo pekee lililobaki ambalo ni hai," alisema. "Nguo zake zipo, baiskeli ipo. Haviniitikii. Lile linakua, mama Yusrah. Kila chipukizi jipya ni yeye aliyelifanya litoke."

Nilimmiminia chai.

Akampigia simu Bonifas. Mimi nilikuwa pale, simu kaiweka sauti ya nje. Bonifas alipokea kwa furaha.

"Mngoni mkimbizi! Bado uko Kilosa hujakimbia tena?"

"Bonifas, nakuomba njoo ulitoe lile ua. Litaoza."

"Ha! Unataka kumnyang'anya marehemu mali yake? Mngoni hana haya huyu!"

"Sitanii, shemeji."

"Na mimi sitanii! Niletee beberu na debe la ulezi, nitakuja!"

Akacheka mpaka akakohoa, akakata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Costancia alipopiga. Angesema nini? Kati ya watani, maneno ya kweli hayana mlango wa kupitia. Ukilia wanasema unaigiza vizuri. Ukikasirika wanasema umezidiwa. Alipiga asubuhi, alipiga baada ya misa, akabembeleza, akamlaani, na yule mzee akazidi kufurahi, kikohozi nacho kikazidi. Halafu simu ikawa haipatikani.

Mwezi Machi ukaingia na mawingu yakaanza kukaa juu ya milima ya Rubeho. Masika ikishika, ua lililozikwa kwenye udongo mzito namna ile haliponi. Costancia alifunga genge lake la dagaa, akaniambia anakwenda Kidodi kumwangukia Bonifas miguuni, mbele ya watoto wake kama ikibidi. Nikamwambia hendi peke yake. Tukapanda gari la asubuhi la Mikumi. Mvua ilitukuta Zombo, tukashuka na kutembea kwenye tope huku wanaume wanasukuma, naye hakulalamika hata kidogo, alikuwa anatazama juu tu. Mikumi tukapata lori linalokwenda upande wa Kidodi. Njia nzima alirudia jambo moja: shina moja gumu linatosha. Hata lote likioza, likibaki shina moja gumu lenye jicho la kuchipua, ukalifunga mtini na kuliacha likauke vidonda, litaanza upya.

Tuliposhuka Kidodi tukamuuliza kijana wa bodaboda kama anamjua mzee Bonifas, Mhehe, mwenye shamba la miwa.

"Mnakwenda msibani?" akauliza.

Costancia hakuuliza msiba wa nani. Alikaa chini pale barabarani na pochi yake mapajani.

Bonifas alikuwa amelazwa siku nyingi, mapafu yamejaa maji, akafa juzi yake. Tulikuta turubai, masufuria, na watu wamejaa mpaka kwenye miwa. Nilikuwa nimeshampangia Costancia tutoe pole, tukae kidogo, tutafute mwanamume wa ukoo wa kuzungumza naye kwa faragha. Lakini kikongwe mmoja, shangazi ya marehemu, alimtazama akamtambua.

"Mke wa Ditram huyu! Jamani, Wangoni wamefika! Mtani amekuja!"

Vigelegele vikapigwa. Tangu asubuhi walikuwa wanalalamika kwamba msiba umepooza, hakuna Mngoni hata mmoja. Mtu akamtwika Costancia kofia ya marehemu, mwingine akampa fimbo yake. Mwanamke huyu, ambaye hajawahi kusema mzaha hadharani tangu azaliwe, akasukumwa mpaka ukingoni mwa kaburi lililochimbwa nyuma ya nyumba, watu wamemzunguka wanangoja kuchekeshwa.

Alisimama. Nilidhani atazimia. Badala yake alivua viatu, akashuka ndani ya kaburi, akakaa chini kwenye udongo mbichi.

"Hamziki mtu hapa," alisema.

Watu wakaangua kicheko. Ndugu wa Bonifas, mdogo wake aitwaye Frank, akaja na kuku kama ilivyo desturi. "Chukua, Mngoni, utoke."

"Sitaki kuku."

Wakaleta soda. Wakaleta ugoro. Wakarusha noti.

"Nataka mkono wa Mhehe," alisema Costancia. "Nataka mtu wa damu yake aje Kilosa alitoe ua juu ya kaburi la mume wangu. Linaoza. Nilimwomba akacheka. Nilimwomba tena akacheka. Sasa amekufa, na mimi nitamwomba nani?"

"Anataka mkono!" walipokezana huko nyuma. "Mngoni anataka kukata mkono wa maiti!" Na alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka, wengine wameshikana mabega. Kuna mzee alisema hajaona mtani wa namna hii tangu enzi za mashamba ya mkonge. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kwamba wanyamaze, kwamba huyu mama hatanii, wana macho ya kazi gani?

"Na huyu naye mtani wa nani?" mtu akauliza, wakacheka na mimi.

Nisingeweza kuwapiga wote, lakini nilifikiria.

Aliyemaliza mambo ni mjane. Anastazia, mke wa Bonifas, alikuwa ndani kwenye mkeka. Sijui alisikia nini kwenye sauti ile. Alitoka amejifunika, wanawake wakijaribu kumzuia, akaja mpaka ukingoni akainama akamtazama Costancia usoni. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Mwenzangu," alisema, "wewe unalia kweli."

"Nalia kweli."

"Ndiwe uliyekuwa unapiga simu?"

"Ndimi."

Anastazia akakaa pale kwenye udongo, miguu yake inaning'inia ndani ya kaburi la mumewe. "Alikuwa anazisubiri simu zako," alisema. "Hata hospitali, kabla simu haijazimika. Alikuwa anasema, yule Mngoni wangu leo hajanitukana, sijui ana nini. Ndicho kitu kilichokuwa kinamchekesha siku zile."

Costancia alifunika mdomo kwa viganja. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama maneno yale yalimfariji au yalimmaliza. Anastazia akamgeukia Frank, akamwambia wakishazika, aongozane na mtani mpaka Kilosa. Hakuuliza kama anataka. Frank akasema sawa, shemeji. Wakamnyooshea Costancia mikono, wakamtoa, na jeneza likashuka. Mvua ikaanza kabla udongo haujarudi wote.

Ilinyesha usiku ule na kesho yake kutwa. Tulipofika Zombo na Frank, maji yalikuwa yamekata barabara, magari yamepanga foleni, tukalala kwa watu. Costancia hakulala. Alikaa mlangoni anasikiliza bati. Nilimwambia pengine Kilosa hakunyeshi, mvua ya huku si ya kule. Aliniitikia kwa adabu kama anavyomwitikia mteja anayepunguza bei.

Kilosa kulinyesha. Tulikwenda makaburini moja kwa moja na mizigo yetu. Kwa mbali ua lilionekana limesimama, na hata mimi nikapata tumaini, nikakaza mwendo. Frank akapiga goti. Alimwamkia marehemu, "Shikamoo, kaka Ditram, nimetumwa na mdogo wako Bonifas," kisha akashika mashina kwa mikono miwili akavuta.

Hakuhitaji nguvu. Yalimwachia pale pale, yakabaki mikononi mwake yamekatika, na harufu ikatoka. Costancia alishuka kwenye tope akaanza kuyapitia moja moja, anabonyeza kwa kidole gumba kuanzia chini mpaka juu, anaweka pembeni, anachukua jingine. Alichimba kwa vidole akatoa mizizi, ile iliyokuwa inasimama juu, sasa nyeusi, inateleza. Akabonyeza na vipande vidogo. Akarudia yale aliyokwisha kuyaweka pembeni. Tulisimama tunamtazama, na nilikuwa namwomba Mungu wangu na Mungu wake, moja tu, gumu, hata la urefu wa kidole.

Halikuwepo.

Frank, maskini, alikuwa mtani, na kimya kwenye kaburi ni kazi yake kukijaza. "Basi, Mngoni," alianza, "mumeo mlafi huyu, kalila lote, hakukubakizia hata..." Sauti ikamkatikia. Akageuka upande.

Costancia akakusanya ule uozo wote kwa mikono yake, mashina na majani na ile mizizi, akampa Frank.

"Mrudishie," alisema.

"Nimrudishie nini, shemeji?"

"Ua lake. Sasa halina shida na udongo."

Frank alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Akaliweka kwenye lile shimo, akarudishia udongo juu yake, na Costancia akamsaidia, akashindilia kwa viganja pande zote mpaka pakawa sawa, halafu akaniomba nimshike mkono ainuke.